Sheria ya Mlango Wangu

Ipo nchi inaitwa Salamani, na msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana serikali yake ilikwisha kuipiga marufuku ramani yenyewe kwa sababu za kiusalama. Ni nchi njema. Ina milima, ina mto, ina Wizara ya Utulivu yenye ghorofa kumi na nne, na ina wananchi ambao, kwa takwimu za Wizara hiyo, wana furaha asilimia mia moja na tatu. Hizo tatu za ziada inasemekana ni za wageni waliopita njia.

Katika mji wake mkuu, Tulizo, alikaa mjane mmoja aliyeitwa Bi Sikudhani Chambuso. Alikuwa mkunga. Alizalisha wanawake miaka thelathini na minne katika hospitali ya mji, na alipostaafu wakawa wanamfuata nyumbani. Mtaa wake uliitwa Visiki tangu enzi za mababu, hadi serikali ilipoubatiza jina la Nidhamu, na nusu ya watu wa mtaa huo walipita mikononi mwa Bi Sikudhani kabla hawajapita pengine popote. Hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa maji ya moto, sabuni, na kutokuwa na haraka.

Basi ukafika mwaka ambao maji yalikoma mtaani. Mto ulikuwa umegeuzwa njia kuelekea kwenye bwawa la viboko wa Mkuu wa Nchi, ambao walikuwa wanane, na wote, kwa taarifa ya Ikulu, walikuwa na afya nzuri. Mabomba ya Visiki yakakohoa miezi kumi na moja. Watu wakaandika barua. Wizara ikajibu kwa heshima kwamba maji hayajakatwa, bali yamepumzishwa.

Watu walipochoka kusoma majibu, walichukua ndoo zao tupu wakatoka nazo barabarani wakizipiga. Hawakuwa na mawe wala mabango. Walikuwa na ndoo, na hizo ndoo zilisikika hadi ghorofa ya kumi na nne.

Jioni hiyo Waziri wa Utulivu akaja redioni. "Ndugu wananchi," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu aliyetoka kuoga, "leo watu wachache wametembea barabarani wakiwa na ndoo. Nawauliza swali dogo. Ndoo ni ya nini? Ndoo ni ya kuchotea. Na mtu ambaye hana maji anakusudia kuchota nini, kama si mali zenu ninyi mliotulia majumbani? Watakuja milangoni penu. Serikali inawapenda, lakini haiwezi kusimama kwenye kila mlango. Kila raia mwema ni askari wa mlango wake."

Kesho yake Bunge likapitisha Sheria ya Mlango Wangu kwa dakika arobaini, ikiwemo chai. Sheria ilisema kwamba wakati wa maandamano mwenye nyumba anaruhusiwa kumpiga risasi yeyote atakayeingia kwake bila kualikwa, mradi awe na hofu ya kweli, na mradi atoe maonyo matatu kwa sauti ya kusikika. Maonyo yenyewe yaliandikwa kwenye kijitabu cha kijani, na vijitabu vikagawiwa nyumba kwa nyumba na vijana wenye fulana za kijani, ambao hawakugawa maji.

Bi Sikudhani alisoma kijitabu chake mwanzo hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa kusoma maelekezo. Kisha akapanda juu ya kiti, akaishusha kutoka juu ya kabati bunduki ya marehemu mumewe. Mzee Ligunda alikuwa askari wa wanyamapori, na bunduki hiyo ya marisau ilikuwa ya kuwatishia tembo wasile mahindi ya watu. Alikufa kwa homa ya ini na bunduki ikabaki, na mjane wake hakuwahi kuipenda hata siku moja. Akaifunga kwenye kanga, akaenda nayo kituo cha polisi.

Mezani alimkuta Afande Mbwilo, mtu mnene mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta bunduki ya marehemu. Nairudisha."

"Unairudisha wapi?"

"Serikalini. Mimi sina kazi nayo."

Afande akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyekuja mazikoni siku moja baadaye. "Mama, ungekuja wiki iliyopita ningeipokea. Lakini tangu jana, kukaa na nyumba isiyo na silaha ni kosa. Nikiichukua hii, itabidi nikukamate."

"Na nisipokuachia?"

"Nitakusajili." Akatoa fomu yenye kurasa tano. Waliijaza pamoja: jina, kabila, idadi ya milango, idadi ya madirisha, na kama mwenye nyumba anaogopa sana, kiasi, au kidogo. Walipofika swali la saba Afande akakohoa. "Unakusudia kumpiga nani?"

"Simkusudii mtu."

"Hakuna nafasi ya kuandika hivyo, mama. Kuna mwandamanaji, kuna mwizi, na kuna mwingine. Ukichagua mwingine, unaeleza."

Bi Sikudhani akafikiri. Nyuma yake watu walikuwa kwenye foleni na mapanga, mikuki ya ukutani, na mzee mmoja ameleta mchi.

"Andika fisi."

"Mjini hakuna fisi, mama."

"Basi haitatumika."

Afande Mbwilo akaandika fisi kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri, akampa risasi sita zilizokuwa zawadi ya serikali. Bi Sikudhani akarudi nyumbani na bunduki aliyokwenda kuiacha, na njia nzima aliona aibu, kana kwamba amebeba kitu cha wizi.

Ng'ambo ya barabara, akitazamana naye mlango kwa mlango, alikaa Mheshimiwa Dunstan Kapilima, Naibu Mkurugenzi wa Utulivu wa Barabara. Yeye alikuwa na ukuta, na bustani, na geti la chuma linalofunguka lenyewe kwa kubonyeza kidude, na tangi lililojazwa na lori kila Jumanne. Sheria ilipopita alinunua bunduki yenye darubini. Akatoa kiti chake cha kuegemea akakiweka barazani, na kila akirudi kazini alikaa hapo, bunduki magotini, akitazama barabara.

"Umejiandaa, Bi Sikudhani?" alimuuliza siku moja kutoka juu ya ukuta.

"Kwa ajili ya nini, mheshimiwa?"

"Wageni."

"Wageni hukaribishwa."

Kapilima akatabasamu. "Hawa wa kwangu watakaribishwa vizuri."

Zilipita siku nne hakuna aliyemkaribia. Waandamanaji walipita Jumatatu wakapiga ndoo zao na kwenda zao. Jumatano wakapita tena, na mmoja wao akamsalimu. Kapilima aliingia ndani akabamiza mlango. Mtu mwenye bunduki mpya na asiye na adui ni kama mtu mwenye viatu vipya na hana pa kwenda.

Alhamisi, saa tisa alasiri, Bi Sikudhani alikuwa jikoni anapepeta maharage alipoanza kusikia milipuko ya mabomu ya machozi upande wa soko. Kisha ndoo zikanyamaza. Kisha ikaja miguu, miguu mingi inayokimbia. Akasogea dirishani. Moshi ulikuwa umeziba mwisho wa barabara, na watu walikuwa wanatoka ndani yake wakiwa wamejifunika nyuso kwa nguo zao, wanagonga mageti, wanaomba.

Hapo ndipo alipoona jambo ambalo baadaye aliapa kwa Mungu mara tatu kwamba aliliona. Geti la Kapilima, lililokuwa limefungwa wiki nzima, lilifunguka lenyewe. Lilifunguka taratibu, likatulia wazi. Na Kapilima alikuwa amekaa barazani, kidude mkononi.

Mwanamke mmoja akaliona. Alikuwa Sijali, msusi wa pale kona, binti wa miaka ishirini na sita ambaye Bi Sikudhani alimpokea akizaliwa katika usiku wa taabu kubwa, maana alitanguliza miguu. Akakimbilia kwenye lile geti na ndoo yake mkononi. Aliingia hatua tatu, nne. Kapilima akaweka kidude chini, akainua bunduki, akapiga.

Kisha akafungua kijitabu cha kijani akayasoma yale maonyo matatu, kwa sauti ya kusikika, bila kuruka hata nukta.

Bi Sikudhani hakukumbuka kuvuka barabara. Alijikuta getini na aproni yake kiunoni, na Sijali chini kwenye nyasi anashika paja, damu inapita katikati ya vidole.

"Usiingie," alisema Kapilima, bunduki imemwelekea. "Hapa ni eneo la tukio. Na wewe sijakualika."

"Una hofu, mheshimiwa?"

Kapilima hakutegemea swali hilo. Alitazama barabarani, ambako watu walikuwa wamesimama wanatazama. "Mimi? Nikuogope wewe?"

"Basi huwezi kunipiga. Sheria inataka hofu."

Akainama, akakaza kanga juu ya jeraha, akawaita wawili waliokuwa getini. Wakamweka Sijali kwenye shuka wakamvusha barabara, na Naibu Mkurugenzi akabaki na bunduki yake yenye darubini, hajui aielekeze wapi.

Hospitali haikuwapokea. Mlangoni palikuwa na tangazo kwamba, kwa kuwa Wizara imethibitisha hakuna aliyeumia, majeruhi wanaombwa wasisababishe usumbufu. Hivyo Sijali alilazwa kwenye kitanda cha Bi Sikudhani. Risasi ilikuwa imepita kwenye nyama na kutoka, mfupa mzima. Kulisafisha jeraha kulitaka maji, na maji hayakuwapo. Majirani wakaja mmojammoja, huyu na kikombe, huyu na nusu birika, mwingine na chupa ya maji aliyomwekea mgonjwa wake. Bi Sikudhani akayachemsha yote kwenye sufuria moja. Mikono yake ilifanya kazi kama ilivyozoea. 

"Bibi Mkunga," Sijali alisema, "lile geti lilikuwa wazi. Mimi nilidhani ametuonea huruma."

"Najua. Nililiona linafunguka."

"Utasema?"

"Nikiulizwa nitasema."

Hakuulizwa. Lakini alikwisha kuwasimulia majirani wawili, na Salamani ni nchi ambayo maneno husafiri vizuri kuliko maji.

Ijumaa, saa nane mchana, gari lisilo na namba lilisimama nje. Wakashuka wanaume wanne waliovaa mashati ya maua, kama wanaokwenda harusini, na vitambaa vimefunika nyuso hadi machoni. Hawakusema ni akina nani. Walipiga mlango teke.

"Nani?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Toa hicho ulichonacho humo ndani."

"Humu ndani kuna watu. Vitu nimeshauza vyote."

Teke la pili likapasua ubao wa chini. Chumbani Sijali alijaribu kuinuka, akashindwa. "Bibi, niache tu waende na mimi. Watakuua kwa ajili yangu."

"Nyamaza, mwanangu. Ulikuja duniani ukatanguliza miguu, na mimi ndiye niliyekupokea. Hutatoka kwangu ukiburutwa kwa hiyo hiyo miguu."

Akapanda kiti, akaishusha bunduki. Mzee Ligunda alimfundisha mara moja tu, miaka thelathini iliyopita, shambani, na alichokumbuka ni kuiweka begani kwa nguvu. Akaweka risasi.  Akakumbuka kijitabu, maana alikuwa mtu wa maelekezo, akaanza kuyasoma maonyo kwa kichwa.

"Onyo la kwanza. Wewe usiyealikwa, ondoka kwenye mlango wangu."

Teke.

"Onyo la pili. Wewe usiyealikwa, mimi nina hofu ya kweli." Na sauti yake ilipofika hapo ilikatika, kwa kuwa hofu hiyo alikuwa nayo kweli.

Nje wakacheka. Mmoja akaingiza mguu kwenye tundu la ubao ili auvunje kwa ndani.

"Onyo la tatu. Natumia haki niliyopewa na serikali yangu pendwa."

Akapiga chini. Mlio ulijaza nyumba, vumbi likadondoka darini, na nje mtu akalia kama mbuzi. Aliposogea dirishani wanaume wanne walikuwa wanaingia garini, mmoja anarukaruka kwa mguu mmoja, na kiatu cha mguu wa pili kimebaki kizingitini, kimejaa marisau.

Bi Sikudhani akaweka bunduki mezani, akaenda uani akaketi. Kwa miaka yote hiyo mikono yake ilikuwa imewatoa watu damu ili waishi. Leo imemtoa mtu damu ili asiingie. Alikaa na jambo hilo dakika moja, mbili, kisha akanyanyuka, kwa sababu mgonjwa alipaswa kuhamishwa. Majirani wakampitisha Sijali mlango wa nyuma, nyumba hadi nyumba, hadi kwa shangazi yake upande wa pili wa mji.

Haikupita saa nzima, likaja gari lenye namba, lenye king'ora, na mbele yake Afande Mbwilo amevaa sare. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo, na amevalishwa kandambili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mguu una nini, mwanangu?"

"Nimejikwaa kazini." Akatoa pingu. "Mama, upo chini ya ulinzi."

"Njoo nikuangalie hilo jeraha kwanza. Limefungwa vibaya."

Afande Mbwilo akasita. Akatazama askari wenzake, akatazama bandeji, na kwa muda mfupi ilielekea kama atakaa kwenye kiti. Kisha akafunga pingu.

Kesi ilisikilizwa ndani ya wiki tatu, jambo ambalo magazeti ya serikali yalilisifu. Mawakili wote wa mji walikuwa wamepelekwa kwenye semina ya uzalendo isiyo na tarehe ya kwisha, hivyo Bi Sikudhani alijitetea mwenyewe. Hakimu alikuwa Mheshimiwa Mwinyikambi, mzee mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutoona.

Mwendesha mashtaka alianza na fomu. "Mheshimiwa Hakimu, mshtakiwa aliandika kwa hiari yake kwamba anakusudia kumpiga fisi. Siku chache baadaye akampiga afisa wa polisi. Mahakama iangalie tusi lililomo humo."

"Nilisema fisi kwa sababu mjini hakuna," alisema Bi Sikudhani. "Sikujua watakuja."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza, akamtaka aeleze.

"Mheshimiwa, wamekuja watu wanne wamefunika nyuso. Hawakusema ni polisi. Wamevunja mlango. Mimi nikatoa maonyo matatu, kama ilivyoandikwa. Nilikuwa na hofu ya kweli, hata leo ninayo. Nimefuata sheria yenu neno kwa neno."

"Hakuna anayebisha kwamba umeifuata," alisema Hakimu. "Swali ni kama sheria ilikuwa inakwenda upande huo."

"Na Mheshimiwa Kapilima je? Alifungua geti mwenyewe, akapiga, ndipo akasoma maonyo. Yeye mbona hayupo hapa?"

Mheshimiwa Kapilima hakuwapo kwa kuwa asubuhi hiyohiyo alikuwa Ikulu akivalishwa Nishani ya Kizingiti, daraja la pili, kwa ushujaa barazani.

Hapo mlango wa mahakama ukafunguka, akaingia Sijali anaegemea gongo. Bi Sikudhani alimtumia ujumbe asije. Alikuja. Akapita katikati ya viti mpaka mbele, akafunua gauni kidogo pajani, akaonyesha kovu lililokuwa bado jekundu.

"Mimi ndiye niliyepigwa," alisema.

Hakimu Mwinyikambi akabadilisha miwani. "Mahakama hii inafungwa na taarifa ya Wizara, kwamba siku hiyo hakuna aliyepigwa."

"Na hili ni nini, mheshimiwa?"

"Hilo ni la kwako binafsi."

"Kama hakuna aliyepigwa," aliuliza Bi Sikudhani, "nishani ni ya nini?"

 Hakimu akaandika kitu, akakikata. "Nishani," alisema hatimaye, "hutolewa kwa ushujaa. Haitolewi kwa shabaha."

Hukumu ilisomwa alasiri. Ilikuwa na kurasa sitini, lakini moyo wake ulikuwa aya moja. Sheria ya Mlango Wangu, ilisema, humlinda raia dhidi ya mvamizi. Mvamizi ni yule anayeingia bila idhini. Serikali haiwezi kukosa idhini, kwa kuwa idhini zote hutoka kwake. Hivyo wale wanne walikuwa wageni rasmi. Tena, kwa kuwa ardhi yote ni ya serikali, na nyumba husimama juu ya ardhi, na mlango hushikiliwa na nyumba, basi mlango wa raia ni mali ya serikali iliyoazimwa kwa raia kwa ajili ya kulalia. Mshtakiwa alimzuia mwenye mali asiingie kwenye mali yake. Miaka mitano, na bunduki itaifishwe.

Bi Sikudhani hakulia. Alichosema, karani hakukiandika, lakini waliokuwa karibu walikisikia. Alisema, "Bunduki nilikuja kuwapa mwanzoni kabisa."

Gereza la wanawake liko nje ya mji. Mwezi wake wa pili humo, siku ya kutembelea wafungwa, Sijali alikuja na gongo lake na kilo moja ya sukari. Waliketi wakitenganishwa na wavu, na bibi jela amesimama karibu anasikiliza waziwazi, kama ilivyokuwa kazi yake.

"Unakula, Bibi?"

"Nakula. Nimezalisha wawili humu. Huko nyumbani vipi?"

Sijali akamsogelea. Akamweleza kwamba hukumu ilipotangazwa redioni, fundi seremala wa mtaa, Mzee Kinyogoli, aliisikiliza mpaka mwisho, akachukua bisibisi, akaung'oa mlango wake wa mbele. Akaubeba mgongoni mpaka kituo cha polisi, akauegemeza ukutani. Akasema, kwa kuwa ni mali ya serikali, anairudisha, na anaomba stakabadhi. Kesho yake walikwenda watu kumi na wawili. Keshokutwa ilikuwa barabara nzima, wanaume kwa wanawake, kila mtu na mlango wake, wa mbao, wa bati, wa mabanzi. Askari walitoka na mabomu yao wakabaki wameyashika. Hayakuwa maandamano. Walikuwa raia wanarejesha kitu cha kuazima.

"Mitaa mingapi?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Visiki yote. Na Mkwajuni. Na mpaka jana wa Bondeni walikuwa wameanza kufungua bawaba. Kituo hakionekani tena, Bibi, ni milango tu. Aliyebaki na mlango ni Kapilima peke yake. Anakaa nyuma yake na ile bunduki, na hakuna anayekwenda."

Wizara haikukaa kimya. Ilitangaza kwamba kuishi bila mlango ni uchochezi, na ikatuma askari wakamate. Wa kwanza kufuatwa alikuwa Mzee Kinyogoli. Walifika mchana, askari sita, Afande Mbwilo mbele anachechemea, wakasimama mbele ya lile tundu. Walikuwa wamezoea kuvunja, na hapakuwa na cha kuvunja. Wakasimama pale, hawajui waanzie wapi, mpaka mzee mwenyewe akawaambia kutoka kwenye mkeka wake, "Ingieni tu. Mlango wenyewe mnao ninyi."

Bibi jela alikohoa akageukia ukutani.

"Wakamchukua?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Wakamchukua."

Bi Sikudhani aliinamisha kichwa. Mzee Kinyogoli alikuwa na pumu, na watoto wake wote wanne alikuwa amewapokea yeye. "Umekuja kuniambia hivyo?"

"Nimekuja kukuambia la juzi." Sijali akashusha sauti, ingawa haikusaidia kitu, maana bibi jela naye alisogea. "Juzi walikwenda nyumba ya pili, kwa yule mama muuza dagaa. Wakaingia moja kwa moja, hakuna wa kuwazuia. Wakakuta sebuleni watu kama arobaini wamekaa. Hawana panga, hawana fimbo. Wamekaa chini tu, bega kwa bega, na walipowaona askari wakasogea kidogo ili nao wapate pa kukaa."

"Mbwilo akasema nini?"

"Aliuliza mwenye nyumba ni nani. Hakujibiwa. Akauliza tena. Wanamtazama tu. Basi akasema kesho watarudi, akageuka atoke." Sijali akatulia, akakaza mkono kwenye gongo. "Lakini nyumba haina mlango, Bibi, na nyuma yake watu walikuwa bado wanaingia."